Mipango si Matumizi



Wazee wetu walisema kwamba mipango si matumizi. Maneno hayo ni mafupi, lakini chama chochote cha hapa Nakuru, Naivasha, Gilgil, Njoro au Molo chaweza kuyapima kwa kufungua kabati la ofisi yake. Mara nyingi ndani ya kabati hilo utakuta kitabu cha mpango wa miaka mitano, chenye jalada zuri na picha za watu wanaocheka. Ukikifungua utasoma maneno ya kupendeza: kuongeza wanachama, kufundisha viongozi, kutetea akina mama, kusaidia vijana. Sasa mwulize katibu: neno hili la ukurasa wa tatu linafanywa na nani, litakwisha lini, na shilingi zake ziko wapi? Hapo ndipo mazungumzo hukatika.

Twaandika juu ya jambo hili kwa sababu si shauri la makarani peke yao. Chama cha wafanya kazi ni chama kisichotafuta faida. Ndivyo vilivyo pia vyama vya watumiaji wa maji, vikundi vya akina mama, mashirika ya misaada na vyama vya makanisa. Mwenye duka asipofuata mpango wake, hasara humwamsha kabla ya mwaka kwisha. Lakini chama kisichotafuta faida kinaweza kukaa miaka mitano bila kufanya hata nusu ya yaliyoandikwa, na asitokee mtu wa kupiga kelele. Anayeumia ni yule aliyekuwa akingoja: kibarua wa msimu ambaye hakuandikishwa, mama aliyefukuzwa kazi bila mtu wa kumsemea, jamaa wanaoteka maji machafu. Hao hawaji kwenye mkutano mkuu kuuliza, kwa maana hata habari ya kitabu kile hawakuipata.

Maoni yetu ni haya. Ni mipango michache sana inayokufa kwa sababu imeandikwa vibaya. Mingi hufa kwa kukosa mwenyewe.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Tutazame Ziwa Naivasha. Maji yake hayana chumvi, ingawa majirani zake, Elementaita na Nakuru, ni maziwa ya magadi. Sehemu kubwa ya maji hayo huletwa na mto Malewa kutoka upande wa Nyandarua. Kwa ziwa hilo wanaishi watu wa namna nyingi: wenye mashamba ya maua na maelfu ya wafanya kazi wao, wavuvi, wafugaji wanaoleta ng'ombe kunywa, watu wa mjini, na hata mitambo ya umeme wa mvuke kule Olkaria hutumia maji ya ziwa.

Kando ya ziwa kulikuwa na chama cha wenye ardhi, kilichoanza zamani wakati wa ukoloni, na ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Lake Naivasha Riparian Association. Mwaka wa 1995 ziwa liliandikwa katika orodha ya Ramsar, yaani orodha ya sehemu zenye maji na majani zinazohesabiwa kuwa na thamani kwa dunia nzima. Mwaka wa 1996 chama hicho kikamaliza kuandika mpango wa kulitunza ziwa. Haukuwa mpango wa mzaha. Ulieleza matumizi ya maji, mafunjo ya ukingoni, uvuvi na takataka. Mwaka wa 1999 chama kikapewa tuzo ya Ramsar, na sifa zake zikasomwa mbele ya mataifa. Mwaka wa 2004 Serikali ikautangaza mpango huo katika Gazeti la Serikali, ukapata nguvu ya sheria.

Basi hapo ndipo ulipokwama. Watu wengine wa pale pale Naivasha, wafugaji wakiwa miongoni mwao, walikwenda kortini wakasema kwamba mpango umefanywa juu ya vichwa vyao, wala hawakuulizwa. Korti ikaamuru usimamishwe. Mpango uliosifiwa ng'ambo ukazuiwa nyumbani.

Kisha ukaja ukame wa mwaka wa 2009. Ziwa likashuka mpaka chini kuliko lilivyoshuka wakati wowote tangu miaka ya 1940, na mwanzoni mwa mwaka wa 2010 samaki wakafa kwa wingi. Hatusemi kwamba mpango ungeleta mvua. Tunalosema ni kwamba shida ilipofika, hapakuwa na kanuni iliyokubaliwa na wote ya kuamua nani apunguze maji, na kwa kiasi gani. Kila mtu alimwonyesha mwenzake kidole: mwenye maua alimwonyesha mkulima wa juu mlimani, mkulima alimwonyesha mwenye maua, na mvuvi aliwaonyesha wote wawili. Wafanya kazi walikaa katikati wakihofia kwamba bomba likifungwa, kazi itafungwa pia.

Yaliyofuata yana mafundisho zaidi. Sheria ya Maji ya mwaka wa 2002 ilikuwa imefungua njia ya watumiaji wa maji kuunda vyama vyao, mto kwa mto. Katika bonde la Naivasha viliundwa vyama kumi na viwili, kutoka milimani mpaka ukingoni mwa ziwa. Vyama hivi vilikuwa na mkulima mwenye ekari mbili na kampuni yenye mamia ya ekari. Ukatengenezwa mpango wa kugawa maji wa mwaka wa 2010 mpaka 2012, uliofuata rangi kama taa za barabarani. Ziwa likiwa juu ni kijani, kila mtu achukue haki yake. Likishuka ni manjano, watu wapunguze. Likishuka zaidi ni nyekundu, wapunguze sana. Mwaka wa 2011 Serikali ikaunda Imarisha Naivasha, ili ofisi za Serikali, makampuni na wananchi wakae meza moja.

Mambo hayakuwa shwari yote, wala mipango hiyo haikufanywa yote. Lakini tazameni tofauti. Kitabu cha mwaka wa 1996 kilikuwa na elimu nyingi kuliko taa za rangi tatu. Taa za rangi tatu zilikuwa na kitu ambacho kitabu hakikuwa nacho: mtu wa milimani angeweza kusema, "Hii ni kanuni yetu, nilikuwapo ilipowekwa." Tena kipimo chake kilikuwa ziwa lenyewe, ambalo kila mtu hulitazama bila kuomba ruhusa ya katibu.

Hilo ndilo fundisho la kwanza kwa chama cha wafanya kazi. Atakayeufanya mpango ndiye awe katika kuuandika. Mara ngapi mpango wa chama huandikwa na mtaalamu wa kuajiriwa, ndani ya hoteli, kwa siku tatu, kwa Kiingereza? Kisha hupelekwa kwenye matawi kama vile amri ya bwana shamba. Mjumbe wa wafanya kazi katika shamba la maua ndiye anayejua kwamba mkutano hauwezi kufanywa Januari na mwanzoni mwa Februari, wakati maua ya tarehe 14 Februari yanapokatwa usiku na mchana. Ndiye anayejua kwamba vibarua wengi huachishwa baada ya msimu, kwa hiyo kuwaandikisha wakati kazi imepungua ni kama kutega mto uliokauka. Mtaalamu hajui hayo, wala si kosa lake. Kosa ni la wale wanaompa kalamu na kumwacha mjumbe nje ya mlango. Na mpango ukiisha kuandikwa, ni wajibu uwe katika Kiswahili ambacho mwanachama hutumia mkutanoni. Jambo usiloweza kulisoma huwezi kulidai.

Fundisho la pili ni fedha. Mpango bila hesabu ni maombi. Katika mashirika mengi yasiyotafuta faida, kamati inayoandika mpango hukaa chumba kimoja, na mweka hazina hukaa chumba kingine. Kamati huandika, "Tutafundisha wajumbe katika kila shamba." Mweka hazina naye huandika mshahara wa karani, kodi ya ofisi, karatasi na petroli, kisha fedha huisha. Mwisho wa mwaka kamati husema mweka hazina ni mkaidi, na mweka hazina husema kamati inaota ndoto. Wote wawili wana haki kidogo, na wanachama hawapati kitu.

Wengine hutafuta fedha za wafadhili, nasi hatuwalaumu. Katika sehemu za juu za mto Malewa, mashirika ya WWF na CARE yalisaidia mpango ambao wakulima wadogo walipanda majani na miti ya kuzuia udongo usichukuliwe na maji, na watumiaji wa maji wa chini kando ya ziwa wakawalipa kwa hati za kununulia pembejeo. Huo ulikuwa msaada wa busara, kwa sababu ulimfundisha anayefaidika kulipa mwenyewe. Lakini msaada usiomfundisha mtu kulipa una hatari. Mwezi wa Januari mwaka wa 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nchi za nje. Hapa Kenya mashirika yaliyokuwa na mipango mizuri ya afya yalilazimika kuwapa watu likizo bila malipo au kuwaachisha kazi katika muda wa wiki chache. Mipango yao haikuwa imebadilika hata neno moja. Aliyebadilika ni mtu mmoja wa mbali aliyeshika mfuko.

Chama cha wafanya kazi kina bahati ambayo mashirika mengine hayana. Fedha zake hutoka kwa wanachama, mwezi kwa mwezi. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka wa 2007 husema kwamba mwanachama akiisha kutia sahihi Fomu S na mwajiri akaipokea, mwajiri aanze kukata ada katika muda wa siku thelathini. Sheria hiyo hiyo husema kwamba chama kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanya kazi wanaoruhusiwa kuwa wanachama, mwajiri atakitambua kwa ajili ya kufanya mapatano. Kwa hiyo neno "kuongeza wanachama" lisiachwe likielea hewani. Liandikwe hivi: shamba fulani lina wafanya kazi wangapi, waliotia sahihi ni wangapi, bado wangapi kufika nusu na mmoja, nani anashika zile fomu, na siku ya thelathini itaangukia tarehe gani. Hapo kila ukurasa wa mpango utakuwa na shilingi zake, na kila shilingi itakuwa na kazi yake.

Fundisho la tatu ni kupima. Vyama vya wafanya kazi katika Kenya vina historia yao katika jambo hili. Mwaka wa 1964 Serikali, waajiri na vyama walitia sahihi mapatano ya kupunguza ukosefu wa kazi. Waajiri wa makampuni waliahidi kuongeza wafanya kazi kwa asilimia 10, Serikali kwa asilimia 15, na vyama vikaahidi kutodai nyongeza za mishahara wala kugoma kwa miezi kumi na miwili. Hesabu zilikuwa wazi. Watu wengi mno walijiandikisha kutafuta kazi, na wengine walizipata. Lakini mwajiri ambaye hakuwa na kazi zaidi ya kufanya alipunguza watu tena polepole, kwa kutojaza nafasi ya aliyeondoka. Mapatano ya namna hiyo yakafanywa tena mwaka wa 1970, na tena mwaka wa 1979. Ahadi ikiandikwa mara tatu, ni dalili kwamba mara ya kwanza na ya pili haikushika mizizi.

Twajifunza nini? Kwamba haitoshi kuhesabu siku ya kwanza. Chama kinachosema, "Tumefundisha wajumbe hamsini," kiulizwe mwaka unaofuata: katika hao hamsini, wangapi wako kazini bado, na wangapi wamewahi kuingia ofisi ya meneja na shauri la mwenzao? Kuhesabu viti vilivyokaliwa katika semina ni rahisi. Kuhesabu mashauri yaliyoamuliwa ni kazi, lakini hayo ndiyo ambayo mwanachama hulipia ada.

Kupima kuna faida nyingine pia: humwonyesha mtu wakati wa kugeuza njia. Turudi Naivasha kidogo. Mipango ile ya mwaka wa 2010 iliandikwa na watu walioogopa ukame. Lakini mwaka wa 2020 ziwa lilipanda mpaka likaingia katika nyumba za mtaa wa Kihoto, mahali wanapokaa wafanya kazi wengi wa maua, na mwaka wa 2025 mafuriko yakawatoa watu huko tena. Adui aliyengojwa mlango wa mbele aliingia kwa mlango wa nyuma. Mpango usiofunguliwa mpaka miaka mitano iishe hauwezi kumwona adui huyo. Yafaa usomwe tena kila mwaka, mbele ya wanachama, na kilichopitwa na wakati kifutwe bila haya.

Liko jambo la nne, nalo ni la watu wenyewe. Vyama vyetu hufanya uchaguzi kila miaka mitano. Ndivyo ilivyokuwa mwaka wa 2011, 2016 na 2021. Ni haki ya wanachama kubadilisha viongozi. Lakini desturi mbaya imeingia katika vyama vingi, kwamba kiongozi mpya hutupa mpango wa aliyemtangulia kama nguo ya marehemu, hata kama ulikuwa umefika nusu ya njia. Kazi ya miaka mitatu hurudi mwanzo, na mwajiri hukaa kimya akifurahi. Mpango si mali ya katibu. Ni mali ya mkutano uliouamua, na umeandikwa katika kumbukumbu za mkutano huo. Kiongozi mpya akitaka kuubadilisha, aje mbele ya wanachama aseme sababu.

Twajua wengine watatujibu: "Mipango hii ni mambo ya wafadhili na wasomi. Vyama vya zamani havikuwa na vitabu vya mipango, na bado viliwatetea watu." Neno hilo lina ukweli ndani yake. Wazee waliounganisha vyama vidogo vya chai, kahawa, katani na mashamba mwaka wa 1963, kikazaliwa chama kimoja cha KPAWU, hawakuhitaji jalada la rangi. Lakini walikuwa na mpango: walijua wanalotaka, na nani ataacha kiti chake ili liwezekane. Sisi hatuombi vitabu zaidi. Tawi lenye katibu mmoja na pikipiki moja, linalotakiwa kufika Subukia, Molo na Mai Mahiu, haliwezi kufanya mambo ishirini. Likiandika ishirini litafanya yale yanayopiga kelele zaidi, yaani shamba lililo karibu na mjini na lenye wajumbe wakali. Kibarua wa shamba la mbali, asiyemjua mtu, atangoja daima. Mambo matatu yaliyochaguliwa kwa haki yatamfikia. Ishirini ya kupendeza hayatamfikia kamwe.

Kwa hiyo twaomba kila tawi, katika mkutano wake ujao, lifanye haya. Kwanza, mpango wa chama usomwe kwa Kiswahili, neno kwa neno, hata kama utachukua saa nzima. Pili, wanachama wachague mambo matatu ya mwaka huu, na hayo mengine yawekwe kando waziwazi, bila kudanganya mtu kwamba yanafanywa. Tatu, mbele ya kila jambo paandikwe jina la mtu mmoja, maana kazi iliyopewa kamati nzima mara nyingi huwa haina mtu. Paandikwe pia tarehe, na shilingi ambazo mweka hazina amezikubali kwa mdomo wake mwenyewe katika mkutano huo huo.

Mwenye jina lake pale asiogope. Akishindwa kwa sababu mwajiri alimfungia lango, na aje aseme, wenzake watajua pa kuanzia. Kushindwa kunakosemwa kunaweza kusaidiwa. Yule tusiyeweza kumsaidia ni yule ambaye jambo lake limelala katika kabati kwa miaka mitano, wala hakuna anayejua lilikuwa la nani.

Mkutano ukiisha, karatasi hiyo isirudi kabatini. Ibandikwe ukutani, chini kiasi cha macho, mahali ambapo mfanya kazi anayetoka zamu ya jioni ataweza kuisoma na kuuliza.